Nguru wa ukutani: namna ninavyomtengeneza kwa faiba

Mzee aliingia karakanani saa nne asubuhi, nyuma yake kijana wa bodaboda amekumbatia kasha la barafu lililofungwa kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa nimeinama ndani ya boti, nasugua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa boti za faiba? Nina samaki wangu hapa. Watoto wanataka kumpika. Mimi nataka abaki."

Ndani ya kasha alikuwamo nguru, amepinda kidogo kwa sababu kasha lilikuwa fupi. Alikuwa amemvua alfajiri ile ile nyuma ya kisiwa cha Mbudya, kwa mshipi wa kuburuza, yeye na mjukuu wake wa miaka tisa. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kushika mshipi wenye samaki mkubwa. Nikaelewa mara moja kwamba kilichotakiwa kubaki hakikuwa nyama.

Tangu siku ile nimetengeneza nguru, kolekole, fulusi na sulisuli. Naandika kwa kumfuata yule nguru wa mzee, kwa sababu makosa karibu yote ya kazi hii niliyakuta kwake, na kwa sababu hapa Dar es Salaam hakuna asiyemjua nguru. Ukimkosea, hata mtoto aliyekwenda soko la samaki la Feri mara moja atakuambia.

Kwanza, kwa nini faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, na si ngozi yake mwenyewe. Nguru ana mafuta mengi. Ukimchuna na kuijaza ngozi, yale mafuta yanaendelea kutoka taratibu kwa miaka, rangi inakuwa ya njano na harufu haiishi. Ongeza unyevu wa pwani yetu, mende na ukungu wa masika. Faiba haiozi wala haina mafuta, na samaki unaweza kumla. Kama ni sulisuli na mvuvi anataka kumwachia, anapima, anapiga picha, anamrudisha majini, nami natumia kalibu, yaani umbo la plasta, ya sulisuli mwingine wa kimo kile kile.

Kabla hujagusa plasta

Hapa ndipo watu wanaharakisha, na hapa ndipo kazi inapoharibikia. Ukiwa na samaki mbichi una muda mfupi wa kujua mambo ambayo hutayaona tena.

Asitumbuliwe. Tumbo likipasuliwa linalala, na umbo lake halirudi. Mvuvi ajue mapema upande upi utaonekana, ili ndoano ya kupandishia isitoboe upande huo. Alazwe juu ya ubao ulionyooka, barafu juu na chini, kitambaa cha maji kikimgusa mwili. Nguru wa mzee nilimnyoosha juu ya ubao, nikamwacha kwenye barafu nusu saa, akakaa sawa.

Kisha daftari. Urefu kutoka ncha ya mdomo hadi pale mkia unapogawanyika: sentimeta 127. Mzingo kwenye sehemu nene: 54. Mzingo nyuma ya kichwa, na mwingine kabla ya mkia. Upana wa jicho. Uzito ulikuwa kilo 13 kwenye mizani ya muuza samaki jirani. Halafu nikahesabu vile vipezi vidogo vilivyopangana kama meno ya msumeno kati ya pezi la pili la mgongoni na mkia. Nguru anaweza kuwa na vinane hadi kumi. Huyu alikuwa na tisa. Andika. Nitarudi kwenye hiyo tisa.

Angalia pia mstari wa ubavuni. Kwa nguru mstari huu unakwenda umenyooka kufuata mgongo, halafu chini ya mwisho wa pezi la pili unashuka ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi, ndipo unaendelea hadi mkiani. Karibu na mkia kuna vituta vitatu kila upande, cha katikati kikubwa kuliko wenzake. Mambo haya mawili ndiyo yanayomtambulisha samaki kwa mvuvi wa kweli hata kabla ya rangi.

Piga picha nyingi, kivulini, si juani, kwa sababu jua linawaka kwenye fedha ya ubavu na kuficha kila kitu. Weka rula kandokando ya samaki kwenye kila picha.

Kutoa ute

Samaki mbichi ana ute, na ute unaizuia plasta isishike alama ndogo za ngozi. Changanya siki na chumvi ya mawe, futa kwa sifongo kutoka kichwani kwenda mkiani, usirudi nyuma. Suuza, rudia. Mara ya tatu utasikia kidole hakitelezi tena. Magamba ya nguru ni madogo sana na mepesi, kwa hiyo usisugue kama unaosha sufuria. Kolekole yeye anavumilia zaidi.

Kalibu

Samaki wa ukutani anaonekana upande mmoja tu, kwa hiyo kalibu ya upande mmoja inatosha. Nina sanduku la mbao lenye mchanga wa mto uliochekechwa, umeloweshwa kiasi cha kushikamana ukifinyangwa. Mlaze samaki humo, upande mzuri juu, mchanga upande hadi zaidi kidogo ya nusu ya unene wake. Zingatia neno hilo: mchanga ufunike sehemu yote inayoanza kurudi ndani. Faiba ikizunguka na kuingia chini ya mwili, itajifunga kwenye kalibu na hutaitoa mpaka uvunje kimoja.

Mapezi yanyooshwe kwa kuegemezwa kwenye bamba la udongo wa mfinyanzi. Mimi natumia udongo mweupe wa Pugu, laini, hauna mchanga. Pezi la kwanza la mgongoni mwa nguru hulala kwenye mfereji wake, kwa hiyo uliinue mwiba mmoja mmoja, uliegemeze kwenye udongo, ulishikize kwa pini kwa nyuma. Pezi la ubavuni nalikata kabisa na kulitengenezea kalibu yake ndogo, pande mbili, kwa sababu litasimama mbali na mwili na litaonekana mbele na nyuma. Vipezi vidogo tisa navyo hivyo hivyo. Mdomo nauziba kwa udongo ukiwa umefunguka kidogo sana. Nguru aliyeachama mdomo mpana anaonekana kama anapiga kelele, na mimi sipendi. Ufa wa nyuma ya shavu, pale matamvua yalipo, uzibe kwa udongo mwembamba ubaki mstari tu.

Plasta natumia unga wa jipsamu wanaotumia mafundi wa dari. Unga unakwenda kwenye maji, si maji kwenye unga. Nyunyiza kwa mkono mpaka uone visiwa vimesimama juu ya maji na havizami tena, subiri dakika moja, ndipo ukoroge polepole kwa mkono ukiwa chini, bila kuingiza hewa. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama uji wa mtoto. Lipake kwa brashi laini, pulizia kwa mdomo kwenye kona za jicho na taya ili hewa itoke. Likianza kushika, weka tabaka zito lenye nyuzi za katani zilizochambuliwa, hadi unene wa sentimeta mbili au tatu. Ukilaza vipande viwili vya mbao nyembamba mgongoni mwa kalibu kabla haijakauka, haitavunjika ukiigeuza.

Plasta itapata joto, ndiyo inajifunga. Acha dakika arobaini. Geuza, ondoa mchanga, mtoe samaki kwa kuanzia mkiani.

Na hapa nitoke nje ya ufundi kidogo, kwa sababu ni afya za watu. Mzee aliuliza kama watoto wanaweza sasa kumpika. Nilimwambia hapana. Nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto nyama yao hujaa histamini, na histamini haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Mtu anakula samaki asiye na harufu mbaya, baada ya muda mfupi uso unamwiva, mwili unamwasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Yule nguru alikuwa nje ya barafu karibu saa mbili, kwenye mchanga na chini ya plasta inayotoa joto. Tukamzika chini ya mnazi. Ukitaka kumla, panga mapema: plasta iwe imeshapimwa, mchanga uwe wa baridi, barafu chini ya sanduku, kazi iishe haraka, samaki arudi kwenye barafu papo hapo na achunwe ngozi kabla ya kupikwa. Ukiwa na shaka, usimle.

Kukausha

Kalibu yangu ya kwanza maishani niliiwekea rezini, ile plastiki ya majimaji inayogandisha faiba, baada ya siku tatu, mwezi wa nne, mvua zikinyesha. Kwa mkono ilikuwa kavu. Ndani ilikuwa na maji. Rezini ya poliesta haipendi maji. Upande uliogusa plasta ulibaki unanata kama gundi ya panya, ukabanduka vipande vipande, na kalibu ikaharibika pamoja na samaki ambaye nisingempata tena. Kwa hiyo nasema kwa kusisitiza: kiangazi, wiki moja kivulini penye upepo, halafu siku mbili juani. Masika, wiki mbili au tatu, na ipime kwa mizani kila siku. Ikiacha kupungua uzito, imekauka.

Ikikauka, pakaa shelaki, aina ya vanishi, mara tatu ili kufunga vinyweleo vya plasta. Halafu nta ngumu ya kuachishia, mara tano, kila mara ukiisugua ing'ae na kuipa saa moja. Juu ya nta mimi hupaka pia ile dawa ya kuachisha ya maji, ambayo ikikauka inakuwa kama karatasi nyembamba ya nailoni. Wengine wanaona hilo la mwisho ni gharama ya bure. Kwa boti, labda. Kwa kichwa cha samaki chenye mikunjo kama ile, sitaki kubahatisha.

Rezini

Kama hujawahi kushika rezini, soma hapa mara mbili.

Hadna, yaani dawa ya kugandishia, ya rezini ya poliesta ni kidogo sana, asilimia moja hadi mbili. Vipimo vingi vilivyoandikwa kwenye makopo vimewekwa kwa nchi za baridi. Dar es Salaam mwezi wa kwanza, saa saba mchana, asilimia mbili inakupa dakika chache tu kabla kopo halijawa jiwe la moto mkononi. Mimi naweka mililita 10 kwa kilo moja ya rezini, nafanya kazi asubuhi, na nachanganya kidogo kidogo, gramu 200 kwa mara moja. Pima kwa sirinji, usipime kwa jicho. Rezini ya zamani nayo ni balaa. Niliwahi kuuziwa kopo lililokaa dukani muda mrefu, likagoma kushika hata nilipoongeza hadna. Sasa kabla ya kila kazi najaribu kijiko kimoja pembeni.

Hadna ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kufunika pande zote, si ya jua. Kama rezini yako ni ya aina inayouzwa bila kichapuzi, yaani ile dawa ya kobalti yenye rangi ya zambarau, usiichanganye dawa hiyo na hadna moja kwa moja hata tone: zinalipuka. Kichapuzi kinakwenda kwenye rezini kwanza, kinakorogwa, ndipo hadna inafuata. Ni salama zaidi kununua iliyokwisha kuwekewa. Mvuke wa rezini unaingia kichwani na mapafuni. Barakoa ya kitambaa haifanyi chochote, unahitaji ile yenye chujio za mkaa. Fanyia kazi nje au penye milango miwili. Mabaki yaliyoanza kuchemka kwenye kopo yatoe nje kwenye mchanga, mbali na asetoni ya kusafishia, inayowaka haraka. Na usichanganyie kwenye kikombe cha foamu nyeupe, rezini inaila na utabaki umeshika shimo.

Anza na jelikoti, yaani tabaka la nje la rezini nzito isiyo na nyuzi, unene kama wa karatasi mbili ngumu, nusu milimita hivi. Ipake kwa brashi laini, ifikie kila kona ya jicho, taya, na mstari ule wa ubavuni. Ingoje mpaka ukiigusa kwa kidole ivutike lakini isikuachie rangi. Ndipo mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba.

Mati ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi. Ukingo wa mkasi unaacha mstari unaoonekana, ukingo uliochanwa nyuzi zake zinalala na kuungana na jirani. Kwa mwili wa nguru kama huyu: tabaka moja la mati nyembamba kabisa ile laini kama pamba, halafu ya gramu 300 kwa mita ya mraba, halafu ya gramu 450. Uzito wa rezini uwe mara mbili na nusu ya uzito wa mati. Rezini nyingi zaidi haiongezi nguvu, inaongeza uzito na kufanya kitu kipasuke. Lowesha kalibu kwanza, laza kipande, gonga kwa ncha ya brashi, gonga, usipake. Ukipaka unaburuza nyuzi. Mati ikikolea inageuka kutoka nyeupe kuwa wazi, na popote unapoona doa jeupe ujue kuna hewa. Toboa, gonga, ongeza tone. Kwa yule nguru sikumaliza hata kilo moja na nusu ya rezini na jelikoti pamoja.

Kuna dakika chache ambazo mafundi wa boti wanazijua na ambazo hupaswi kuzikosa. Faiba ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, inakuwa kama ngozi mbichi ya ng'ombe. Wakati huo kisu kikali kinakata kingo zote za ziada kama unakata muwa uliomenywa, bila vumbi. Ukichelewa nusu saa, itabidi msumeno wa umeme, na vumbi lile litakuwasha hadi kesho kutwa.

Acha usiku mzima. Asubuhi piga piga mgongo wa kalibu kwa nyundo ya mpira, ingiza kabari za mti pembeni, mimina maji ya uvuguvugu kwenye upenyo. Ile dawa ya maji inayeyuka. Utasikia mlio, krap, na samaki anaachia. Wakati mwingine kalibu inavunjika, na kama samaki ni mmoja tu basi si hasara.

Mapezi

Mapezi natengeneza kwa rezini isiyo na rangi na kitambaa chembamba cha faiba katikati, ili mwanga upite. Pezi la nguru halisi ukilinyanyua juani unaona miiba ndani yake. Likiwa nene kama ubao wa mlango, samaki wote anakufa hapo.

Nikiwa nasugua vile vipezi vidogo, kimoja kilikatika na kuruka, sikukiona tena. Nikabaki na vinane. Nilikaa nikifikiria. Nguru wenye vinane wapo baharini na hakuna ambaye angesema si kweli. Lakini daftari lilisema tisa. Nikarudi kwenye kalibu ndogo, nikamwaga kingine, nikasubiri siku nyingine nzima.

Mapezi yanaunganishwa mwilini kwa puti ya epoksi, na kwa lile la ubavuni natanguliza waya wa shaba ndani yake. Mgongo wa samaki, yaani upande wa ukuta, nauziba kwa plaiwudi iliyokatwa kufuata umbo, imefungwa kwa mati kwa ndani, ikiwa na vipande viwili vya mninga vya kushika skrubu. Usimjaze foamu nyeupe ndani, sababu nimeshaitaja.

Puti ya magari inajaza mashimo. Msasa namba 180, halafu 320, halafu 600 na maji. Ukifika kwenye mstari wa ubavuni acha msasa, tumia kijiti. Osha kwa maji na sabuni ili nta yote iondoke, maana rangi haishiki juu ya nta.

Rangi

Nilimpaka yule nguru kwa siku nne. Praima nyeupe, fedha ubavuni, kijivu mgongoni, mistari yake ya wima iliyopindapinda, myembamba, moja baada ya nyingine, zaidi ya arobaini. Niliona nimeweza. Mzee alipokuja akasimama mbali, akasogea, akarudi nyuma.

"Mwanangu, mkono wako ni mzuri. Lakini huyu ni nguru wa Feri. Huyu amelala juu ya meza."

"Mzee, nimefuata picha."

"Picha ulipiga saa ngapi?"

Saa nne na nusu. Samaki alikuwa amekufa saa nyingi.

Jumamosi yake nikatoka na mwanawe baharini. Hatukupata kitu. Jumapili tukapata mmoja mdogo, na alipopanda juu ya ubao wa boti nikaona kile ambacho mzee alikuwa anakisema. Mgongo haukuwa wa kijivu. Ulikuwa wa bluu yenye kijani ndani yake, ule wa shingo ya njiwa, unaohama ukisogeza kichwa. Ubavu ulikuwa wa fedha lakini juu ya fedha kulikuwa na waridi hafifu sana. Na pezi la kwanza la mgongoni lilikuwa bluu kali. Nililitazama likizimika. Kabla sijamaliza kuhesabu sekunde za dakika mbili lilikuwa bluu nyeusi, kama wino, na ndivyo tunavyolijua sisi wa nchi kavu.

Nikamsugua nguru wa mzee hadi kwenye praima na kuanza upya. Mpangilio ninaoufuata tangu hapo ni huu. Tumbo jeupe lisilo safi sana. Ubavu fedha, jepesi, kwa eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi, tabaka ambazo kila moja huioni peke yake. Mgongo unaanza na bluu ya kijivu, juu yake kijani kilichochanganywa na klia, yaani vanishi isiyo na rangi, kiasi cha tone, juu yake poda ya lulu ya bluu. Mistari inapakwa kabla ya poda ya lulu, si baada, ili ionekane iko ndani ya ngozi. Kingo zake zisiwe kali. Waridi ni punje chache za poda ndani ya klia, na ukiona ni waridi umeshazidisha. Pezi la kwanza bluu kali kwenye miiba, linafifia kuelekea ukingoni. Pezi la ubavuni kijivu.

Unyevu wa hapa ni adui wa rangi. Rangi za thina zikipulizwa alfajiri au mvua ikikaribia zinaota ukungu mweupe juu yake. Anza saa nne, jua likishakausha hewa, na umalize kabla ya upepo wa alasiri haujaanza kuleta vumbi la barabarani. Klia ya magari inayochanganywa na hadna ndiyo inayodumu, lakini mvuke wake ni mbaya kuliko wa rezini: barakoa ya chujio, miwani, glavu, na watoto wasiwepo uani. Tabaka mbili nyembamba, na moja ya mwisho iliyolowa vizuri. Samaki aonekane ametoka majini sasa hivi.

Jicho ni la mwisho. Ukipata jicho la kioo la ukubwa sawa, vyema. Mimi natengeneza kwa kumwaga rezini isiyo na rangi ndani ya kalibu ndogo ya chuma niliyoipaka nta, inatoka kuba wazi, halafu napaka rangi kwa nyuma: mboni nyeusi kwanza, halafu pete ya fedha yenye dhahabu kidogo, halafu nyeusi kufunika yote. Mboni ya nguru si duara kamili, ina ncha ndogo kuelekea mbele. Lizamishe kwenye tundu lake kwa puti ya epoksi, liangalie mbele na chini kidogo.

Kumtundika

Yule nguru alipokamilika hakufika hata kilo tatu. Skrubu mbili na plagi za ukutani zinatosha kwa ukuta wa tofali. Asitundikwe mahali jua la dirisha linampiga, klia itageuka ya njano na lulu itazimika. Mfute vumbi kwa kitambaa laini chenye maji matupu, kutoka kichwani kwenda mkiani.

Mzee alimtaka juu ya mlango wa ukumbini, anatazama upande wa bahari. Nilipomaliza kukaza skrubu alimwita mjukuu wake, akampandisha kwenye kigoda. Mtoto hakugusa uso wala jicho. Alinyoosha kidole kwenye mkia, akaanza kuhesabu vile vipezi vidogo kurudi nyuma, kwa sauti, moja, mbili, mpaka akafika karibu na pezi kubwa.

"Tisa, babu. Ndiye yule yule."